Pine ya Haikufake

Yaya yangu aliiingiza ile motokari mtaani asubuhi ya Jumamosi, siku ya salongo, wakati sisi wote tumeinama na mifagio tunasafisha mfereji kwa amri ya serikali. Ilikuwa ndogo, njano kama kiini cha yai, viti viwili tu, pua ndefu, na ilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi wa jirani aliitazama kwa juu. Mifagio ikaanguka. Kiongozi wa mtaa, aliyekuwa akiandika nani amekuja na nani amejificha, aliweka daftari juu ya ukuta akaenda kuipapasa. Salongo ya siku ile iliishia hapo, na mfereji wetu ukabaki mchafu mpaka wiki iliyofuata.

Kwetu Lubumbashi, yaya ni ndugu yako mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Wangu huyu alikuwa wa kiume, tena wa kiume hasa, mwenye shati la maua na kitana katika mfuko wa nyuma. Alikuwa makanika kwenye gereji ya mgodi wa shaba, na kwa miaka miwili alimtunzia mhandisi mmoja Mzungu hiyo gari yake ya mbio. Mzungu alipomaliza mkataba akaona kuirudisha Ulaya ni taabu tupu. Alimwekea yaya funguo mkononi, pamoja na magurudumu manne mengine yaliyofungwa kwa kamba, akapanda ndege. Yaya alibaki uwanjani akipangusa macho, na alisema machozi yale yalikuwa ya vumbi. Vumbi gani, na mvua ilinyesha jana yake?

Baba alikuja wa mwisho. Hakumsalimia mtu. Aliinama akaangalia pine ya mbele, akazunguka, akaangalia nyingine, mpaka zote nne zikaisha. Pine ndiyo tairi. Ni Kifaransa kilichokaa sana juani kwetu. Kisha akafungua buti, akachungulia ndani, akageuka.

"Ya akiba iko wapi?"

Yaya alikuwa anangojea swali hilo tangu alipozima injini. Meno yote yakawa nje. "Baba, hii haina na ya akiba. Hizi pine hazikufake!"

Hapo lazima nieleze neno, maana ndilo lililotusumbua wiki nzima. Kwetu kitu kikiharibika kinakufa. Redio inakufa, saa inakufa, pine ikitoboka imekufa. Na kitu ambacho kufa si tabia yake kabisa, tunakiambia haikufake. Yule Mzungu alikuwa ameagiza kutoka Ulaya pine za aina mpya: ikitobolewa, upepo ukatoka wote, yenyewe inaendelea kutembea tu juu ya ubavu wake mnene, polepole, mpaka ikufikishe. Hutafuti kriki ya kuinulia gari. Hutafuti pine ya akiba. Husimami porini kupigwa na jua.

Na humtafuti kwado.

Sasa, baba yangu alikuwa kwado. Ndivyo tunavyomwita fundi wa kuziba pine kando ya barabara, mwenye pampu, beseni la maji na pine moja kuukuu iliyotundikwa mtini kuwa kibao cha kazi. Alikaa kwenye kona karibu na soko, mtaa wa Kenya, huu wetu wa Lubumbashi, si ile nchi. Alikuwa haziiti pine. Aliziita wagonjwa. "Niko na bagonjwa wane leo," angesema akirudi nyumbani, na mama angempa maji ya kunawa kama mke wa daktari.

Na huyo daktari, ambaye mikono yake ilikuwa imeingia matumboni mwa nusu ya magari ya mji, alikuwa hapandi motokari. Miaka tisa! Kila mahali kwa miguu, au kwa kinga, yaani baiskeli. Ukimuuliza, anakuangalia kwa huruma. "Ninyi munaona motokari," anasema. "Mi ninaona penye inakanyagia." Alikuwa ametoa ndani ya pine za watu vipande vya kandambili, matambara, hata majani makavu yaliyoshindiliwa mahali pa mpira wa ndani, na mwenye gari amekaa hapo pembeni amevaa saa ya dhahabu. Mchumba wangu alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, alikuja na basi dogo la kuazima. Wazee wakamuuliza ukoo wake, kazi yake, parokia yake. Baba alitoka nje, akazunguka lile basi, akarudi kukaa. "Kijana ni muzuri," akasema. "Lakini ya nyuma, ya kushoto, arudi nayo polepole."

Mimi hadithi hizo zilikuwa zikinichekesha, mpaka nilipopangiwa harusi. Harusi ingefungwa Kipushi, kilomita thelathini, kwa sababu nyanya aliyemlea mchumba wangu alikuwa hawezi kutoka kitandani, na nyumba yake ilitazamana na kanisa. Wangembeba na kitanda chake mpaka mlangoni. Basi mtu yeyote mwenye moyo angekataa? Hakuna aliyekataa. Tatizo lilikuwa baba. Treni ya kule ilikuwa ya kubeba mawe ya mgodi. Baba akakata kauli: atakwenda na kinga.

"Kilomita makumi matatu!" mama akapiga kelele. "Na suti yako mupya ya abakosti! Utaingia mu kanisa kama mutu anatoka kuchimba kisima!"

"Nitatoka saa kumi ya asubui," baba akajibu, akaendelea kula.

Alikuwa na miaka sitini na goti moja lililokuwa likilia kama bawaba. Mimi nilijua hatafika. Au angefika misa imekwisha, watu wako kwenye pilau. Nami nilitaka kitu kimoja tu katika harusi ile, gauni na keki na vigelegele mngeweza kubaki navyo: nilitaka baba yangu anishike mkono, anitoe mlangoni, anifikishe mbele. Nilikuwa binti wake wa pekee.

Kwa hiyo motokari ya njano ilipoingia, wote wanaangalia boneti, mimi niliangalia kiti kile cha pili. Nikawaza: pine hazifi. Baba anaogopa pine. Basi kisingizio kimeisha! Nilifurahi mpaka nikamkumbatia kiongozi wa mtaa.

Baba aliingia ndani akatoka na msumari, ule wa kupigilia kenchi, mrefu kama kidole chake cha kati. Akampa yaya pamoja na nyundo.

"Kama haikufake," akasema, "tuone."

Mtaa ukasogea karibu. Yaya aliugeuzageuza ule msumari, maana kusema ni kitu kimoja na kutoboa pine yako mwenyewe ni kitu kingine. Lakini watu wameshajaa, wasichana nao wapo. Akachuchumaa, akapiga. Pssssss! Pine ya mbele ikashuka ikakaa. Nilimwona baba, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa suruali anapoweka viraka, ukasimama njiani. Yaya akaruka kwenye kiti, akawasha, akaondoka na pine imelala. Akapita soko, akazunguka shule, akarudi akipiga honi. Yeye mzima, gari zima, pine imelala vilevile lakini inatembea.

Mawee! Nyumba zilimwaga watu. Mama wa mikate alicheza na beseni kichwani. Wakaanza kuimba neno moja, haikufake, haikufake, wakipiga makofi, na wimbo wenyewe haukuwa na ubeti mwingine wala haukuuhitaji. Nami niliimba. Niliimba kwa sauti kuliko wote, na sikuangalia baba alikwenda wapi.

Jumapili baada ya misa akatokea tena, na kigoda chake na karanga. "Muzuri," akamwambia yaya. "Inatembea. Mi mwenyewe niliona. Sasa ufungule, utoe musumari, uzibe."

Yaya akavua shati. Akatia vyuma vya kufungulia, vikateleza. Akamwaga maji ya sabuni, akateleza yeye. Akawaita wenzake watatu wa gereji, wakapanda juu ya ile pine wakaruka kama watu wanaokanyaga zabibu, mmoja akaanguka kwenye kuku. Kumbe pine zile zimebanwa na gurudumu lake kwa namna ya pekee, ili zisichomoke zikiisha upepo, na kuzifungua kunahitaji mashine yake yenyewe, na dawa yake yenyewe ya ndani, na vyote hivyo viko Ulaya. Si Lubumbashi, si Kinshasa, wala ng'ambo ya Kasumbalesa huko Zambia, alikokwenda mmoja wao baadaye kuuliza. Baba alimaliza karanga. Akapangusa mikono.

"Haikufake," akasema. "Lakini haiponake."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anayefunga mkoba. Lakini nawaambia, kabla ya chakula cha mchana neno hilo lilikuwa limefika sokoni, na Jumatatu mtaa ulikuwa umepasuka katikati. Nchi nzima ilikuwa na chama kimoja, sisi pale tulikuwa na viwili. Chama cha Haikufake kilikuwa cha vijana, wanafunzi wa chuo, na fundi saa, ambaye alisema dunia haiwezi kuwasubiri watu wenye pampu. Chama cha Shambrere, yaani cha mpira wa ndani wa kawaida, kilikuwa cha madereva wote wa malori, akina mama wa sokoni, na katekista. Kiongozi wa mtaa alikuwa wa vyama vyote viwili, kwa zamu. Watu walibishana kwenye bomba la maji. Wawili wakanuniana mpaka Krismasi.

Yaya hakushindika kirahisi. Yale magurudumu manne ya kamba, ya kawaida, yalikuwa yamekaa tu bandani, na yeye hakutaka hata kuyaona. Alikuwa amewaapia wenzake gerejini kwamba atakwenda Kipushi juu ya haikufake, na atawapita wote. Akaja na hesabu: pine moja imelala, sawa, lakini Kipushi ni karibu, itatembea imelala kwenda na kurudi. Mama akamuuliza kama anataka baba wa mwali aingie parokiani anachechemea. Akaja na nyingine: tuweke tatu za haikufake na moja ya kawaida.

"Weye," baba akamwambia, "unavaaka kiatu kimoja na kandambili moja?"

Jumanne nilimpelekea baba chakula cha mchana, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilimkuta amekaa peke yake, beseni limejaa maji safi. Maji safi kwenye beseni la kwado ni ishara ya siku mbaya. Mtu mmoja mcheshi alikuwa ameandika kwa chaki kwenye pine yake ya kibao: *likizo*. Baba hakuifuta. Nilikaa karibu naye, na aibu ikaniingia, kwa sababu nilikumbuka nilivyoimba.

"Baba, unachukia ile motokari?"

"Apana. Ni muzuri sana. Nilipenda na rangi." Akavunja tonge, akalizungusha bila kulila. "Niko na oga, mutoto wangu. Ni ile tu. Kila siku ninaona ndani. Bantu bote banapanda, banafunga mulango, banacheka. Mi siwezi kucheka juu ya kitu sijaona ndani yake."

Baba yangu kukiri woga! Mtu aliyewahi kumfukuza chui wa mtu mmoja tajiri aliyetoroka kizimbani, kwa pampu! Sawa, alikuwa mbwa mkubwa, lakini giza lilikuwa linaingia na yeye alidhani ni chui.

"Na kama umeona ndani?" nikauliza.

Alinitazama. Nikaona jicho lake linaanza kupata akili.

"Kama nimefungula mi mwenyewe," akasema polepole. "Na mikono yangu. Zote ine. Basi... labda."

Labda ya baba yangu ilikuwa ni kiapo cha watu wengine. Nilikimbia mpaka gerejini kwa yaya bila hata kubeba sahani, nikamkuta chini ya lori, nikaongea na viatu vyake. Nikamwambia: yaya, mimi ndiye mwali. Nimesikia hesabu zako zote. Hiyo yako ni ya ajabu, nimeiimba mpaka sauti imekauka, na siku ukienda mbali peke yako, nenda nayo. Lakini mimi sitaki pine isiyokufa. Mimi namtaka baba.

Viatu vilisuguana. Kisha chini ya lori ikatoka sauti: "Wenzangu batanicheka miaka kumi."

Walimcheka kumi na mbili. Lakini jioni ile ile aliyatoa magurudumu bandani, akayabeba mwenyewe mawili mawili mpaka kwenye kona ya baba, akayapanga mbele yake. "Bagonjwa wane," akasema, akaondoka haraka. Baba alifuta ile chaki kwa kiganja.

Siku mbili alifanya kazi ambayo mtaa mzima ulikuja kuiangalia, vyama vyote viwili. Alizifungua moja moja. Alipitisha mgongo wa mkono ndani, si kiganja. Kiganja kimeota sugu, alisema, kinadanganya. Alitoa miba ambayo macho hayakuiona. Kila mpira aliujaza upepo, akauzamisha majini, kisha akaupitisha taratibu mbele ya mdomo wake uliolowa, kwa sababu mdomo unasikia upepo ambao maji hayauonyeshi. Alipomaliza alitia mate juu ya kila valvu, akangoja. Hakuna povu. Akaandika kwa chaki ndani ya kila pine, mahali ambapo hapana mtu angesoma, siku na saa aliyoipima.

Ijumaa jioni akatoa sharti la mwisho, wakati tumeshatulia.

"Nitapanda. Lakini sipande na huyu." Akamwonyesha yaya kwa kidevu. "Anaendeshaka anajiangalia mu kioo."

Viti vilikuwa viwili. Kama yaya haendeshi, na baba amekaa cha abiria, nani anaendesha? Macho yote yakanigeukia mimi. Mimi nilikuwa na leseni ya wiki tatu. Yaya alikuwa amenifundisha kila Jumapili jioni, kwa gari la gereji, kule Karavia, kando ya ziwa, na mara zote nilizozima injini wale wavuvi wa ndoano walinipigia makofi.

"Mawee!" mama akashika kichwa. "Mwali anaendesha? Mwali na shela? Batasema tulikosa bwana wa kumubeba!"

"Baseme," baba akajibu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kama nilishawahi kuwa na furaha ya namna ile, ile inayokufanya utake kumpiga mtu kofi la mgongo.

Asubuhi ya harusi basi dogo lilitangulia, limejaa shangazi na mama, na yaya katikati yao, amebanwa, keki ya harusi juu ya mapaja yake, uso umekunjamana. Nyuma tukafuata sisi. Nilikunja gauni nikalikalia, shela nikaifunga kiunoni, viatu virefu nikampa baba avishike. Baba alikuwa ndani ya abakosti yake ya bluu, pampu kati ya magoti, mfuko wa vyuma miguuni, beseni tumboni, na galoni ya maji imekwama mahali pa kuweka viwiko. Hapakuwa na nafasi ya kuogopa. Misa ilikuwa saa nne, na padri alikuwa ametuonya kwamba saa tano ana mazishi, na marehemu hangojei.

Kilomita tano za kwanza baba alishika mlango kwa mikono miwili. Macho kayafumba, shingo kaiinamisha upande, anasikiliza. Kwenye kizuizi askari alitusimamisha, akachungulia, akaona gauni jeupe nyuma ya usukani.

"Sitwayeni," akasema, yaani mwananchi wa kike, ndivyo serikali ilivyotaka tuitwe, "shofere iko wapi?"

"Njo mi mwenyewe," nikamwambia.

Alimtazama baba, akatazama beseni, akanipigia saluti. Tulipoondoka nikasikia kitu kinakoroma kando yangu. Nikadhani baba anaumwa. Alikuwa anacheka. Akafungua jicho moja, kisha la pili, akaona vichuguu vinavyopita, virefu kuliko nyumba, na barabara nyekundu mbele yetu, na akaachia mlango.

"Inaweza kukimbia kuliko hii?"

"Inaweza, baba."

"Ongeza."

Niliongeza. Upepo ukamnyang'anya kofia, ikaruka juu ya kichuguu, wala hakugeuka. "Ongeza!" Miaka tisa ya kutembea kwa miguu ikamtoka kwa mdomo, akapiga yowe kama wale watoto wa haikufake, na mimi nikapiga langu, na tuliwapita shangazi zangu wote na basi lao na yaya na keki, nikipiga honi. Uso wa yaya dirishani sitausahau. Niseme ukweli, hapo pekee palinitosha kuwa harusi.

Kisha baba akainua kidole. "Polepole. Ya nyuma, ya kushoto. Inakufa."

Mimi sikusikia kitu. Niliposimama kando, ilikuwa imelala. Basi likatufikia likapunguza mwendo, na baba akaliashiria lipite, liende likamshike padri. Yaya alitoa kichwa nje akapaza sauti kitu kuhusu haikufake, vumbi likakimeza.

Nililia. Ndiyo, palepale, kwa sauti. Saa tatu na nusu, hatuna pine ya akiba, mimi nina gauni jeupe katikati ya pori, na kosa ni langu, mimi ndiye niliyechagua. Nikageuka kumwomba baba msamaha. Alikuwa ameshavua koti la abakosti, amelitundika kwenye kioo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu.

"Unalia nini?" akasema. "Daktari iko hapa."

Gari likapanda kwenye kriki. Pine ikafunguka kwa vyuma viwili, mpira ukatoka kama utumbo. Akautia majini, akaupitisha mbele ya mdomo, akasimama. "Hapa." Kipande cha chuma kimepenya, kipya, bado kinang'aa. Akakwangua, akaweka kiraka, akakibana chini ya pistoni kuukuu, akatia petroli ndani ya pistoni, akaiwasha ili joto ligandishe kiraka. Moshi mweusi ukapanda. Wanaume watatu waliokuwa wakisukuma kinga zenye magunia ya makala, yaani makaa, walisimama. Mmoja akashika shela yangu isiguse chini, mwingine akanikinga na jua kwa gunia. Goti la baba likagoma kwenye pampu, kwa hiyo nikapampu mimi. Mwali, pekupeku, gauni limepandishwa magotini, napampu, na wauza makala wananihesabia kwa kuimba. Kilio kilikuwa kimeondoka zamani. Nilikuwa nacheka hata nguvu ya kupampu ikawa inaniishia.

Tulifika saa nne na robo. Padri yuko mlangoni na saa mkononi, nyanya yuko kitandani kwake kando ya ngazi amefunikwa kitenge kipya, mchumba wangu amekauka kama kinara. Yaya akaja mbio.

"Minawaambia nini! Na haikufake mungefika zamani!"

"Ilikufa," baba akamjibu akivaa koti. "Na ilipona."

Kinanda kikaanza. Nikanyoosha mkono kwa baba, naye akaficha yake nyuma ya mgongo. Sikuelewa. Kisha nikaiona. Maji yote yalikwisha kwenye kutafuta lile tundu. Mikono ilikuwa myeusi mpaka vifundoni, masizi na mpira na grisi, alikuwa ameipangusa kwa majani mpaka ngozi imechubuka, lakini wapi, hayatoki.

"Enda na yaya yako," akanong'ona. "Nitakuchafula. Nitatembea nyuma."

Yaani tumetoka Lubumbashi, tumepasua mtaa, tumeshusha pine zile na kupandisha hizi, ili atembee nyuma? Niliuvuta mkono wake kutoka mgongoni kwa nguvu, nikaubandika juu ya mkono wa gauni langu, juu ya kiwiko, nikaukandamiza na wangu asiutoe. Mama alisema "mawee" kwa sauti kanisa zima likasikia. Tulipita hivyo kati ya mabenchi. Goti lake lilikuwa linalia, na vidole vyake vilinibana tangu mlangoni mpaka mbele, vyote vitano.

Mama alilifua lile gauni kwa sabuni ya mgodi, kwa ndimu, kwa majivu, kwa petroli. Ile pine yenye msumari baba aliigeuza kiti cha wateja kwenye kona yake, na wengi wenu mlioishi mtaa ule mmeikalia. Gari liliuzwa, kona ilijengwa duka, na baba alituacha msimu mmoja wa mvua, mikono yake imeoshwa safi na watu nisiowajua.

Mwaka jana binti yangu alitaka kulivaa gauni langu. Tulilipeleka kwa dobi wa mjini, kijana mwenye mashine kubwa na dawa za kila aina. Alikaa nalo siku nne. Akalileta juu ya kaunta, akalikunjua, akatuonyesha mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

"Mama, munisamehe," akasema. "Zingine zote zilitoka. Hii ya vidole nilijaribu yote."

"Ninajua," nikamwambia, nikaanza kulikunja. "Haikufake."